Kipande hakiazimwi: sheria inavyokilinda kitambulisho chako, na pale inapokugeukia

Hapa Mji wa Kale watu huazimana vitu vingi. Masufuria ya biriani ya harusi, mikeka ya matanga, ngazi ya kupakia rangi, hata buibui la kutokea mara moja. Undugu ni kufaana, si kufanana. Ndiyo maana ombi kama hili halimshangazi mtu: "Shangazi, nisajilie laini kwa kipande chako. Changu bado hakijatoka." Shangazi anakubali. Ni mtoto wa kaka yake, tena ni laini tu.

Lakini si laini tu. Kuanzia siku ile, kila shilingi inayoingia kwa ile namba, kila mkopo unaochukuliwa na kila ujumbe unaotumwa, rekodi zinaonyesha ni za shangazi. Pesa za wizi zikipitia hapo, mlango wa kwanza kugongwa ni wake.

Makala haya yanaeleza mambo matatu: sheria za Kenya zinakilinda vipi kitambulisho chako, wezi wanakitumia vipi siku hizi, na kwa nini ulinzi huo unapungua pale unapomkabidhi mwenzako kadi yako kwa hiari yako mwenyewe.

Kutoka kikebe cha shingoni hadi haki ya raia

Wengi wetu bado tunakiita kitambulisho "kipande", na jina hilo lina historia yake. Sheria ya kikoloni ya mwaka 1915, iliyoanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, iliwalazimu wanaume Waafrika kubeba karatasi yenye alama za vidole na maelezo ya kazi zao. Karatasi ile ilitiwa ndani ya kikebe cha chuma na kuning'inizwa shingoni. Kazi yake ilikuwa kumdhibiti mfanyakazi asimtoroke mwajiri. Mwaka 1947 ikaja sheria ya kusajili wanaume wa rangi zote, na wanawake wakaingizwa kwenye usajili baada ya marekebisho ya mwaka 1978.

Leo mambo yamegeuka. Kifungu cha 12 cha Katiba ya 2010 kinasema kila raia ana haki ya kupata pasipoti na hati za kumtambulisha. Kifungu cha 31 kinalinda faragha yako: habari zako za kibinafsi na za familia yako zisidaiwe wala kufichuliwa bila sababu ya lazima. Kwa hivyo kipande si kibali unachobebeshwa na mtu. Ni chako, na habari zilizoandikwa juu yake ni zako pia.

Kadi feki: inadanganya jicho, haidanganyi daftari

Tuanze na kughushi. Kanuni ya Adhabu, yaani Sura ya 63 ya sheria zetu, inasema anayeghushi hati anaweza kufungwa miaka 3. Anayeitumia hati hiyo huku akijua ni ya bandia hukabiliwa na adhabu ile ile, hata kama si yeye aliyeitengeneza. Kujifanya mtu mwingine, aliye hai au aliyekufa, kwa nia ya kulaghai ni kosa jingine peke yake. Juu ya hayo kuna Sheria ya Usajili wa Watu, Sura ya 107, ambayo ndiyo sheria ya kipande chenyewe. Hiyo inamkataza mtu kutoa habari za uongo ili apate kadi, au kutumia kadi ya mwingine kama yake.

Kwa hivyo yule anayekwambia "nipe siku mbili nikutengenezee kipande" anawaingiza watu wawili kwenye kesi: yeye mwenyewe na wewe utakayeitoa kadi ile mfukoni.

Tena kadi kama hiyo siku hizi haifiki mbali. Unaposajili laini au akaunti ya pesa, haitazamwi kadi peke yake. Namba na majina hulinganishwa na rekodi za serikali. Namba isiyokuwepo, au iliyopo lakini kwa jina jingine, inakataa pale pale. Kadi mpya ya Maisha imeongezewa chipu ili iwe ngumu zaidi kuigiza.

Mwizi mjanja anayajua haya. Ndiyo maana hahangaiki kutunga namba ya uongo. Anatafuta namba ya kweli: yako.

Kinachoibiwa zaidi ni namba na nakala

Hebu hesabu ni mahali pangapi mwaka huu umeacha namba ya kipande chako. Daftari la mlinzi mlangoni mwa jengo. Nakala uliyotoa dukani kwa fotokopi, na ile iliyoharibika ikatupwa kwenye pipa. Picha uliyomtumia mtu kwa WhatsApp kwa sababu alisema ana kazi ya kukupa. Wakala wa nyumba. Fomu ya chama.

Mwezi Juni 2021 Wakenya wengi walipata somo la jambo hili. Msajili wa Vyama vya Siasa alipowawezesha wananchi kujiangalia mtandaoni wako kwenye chama gani, watu wengi walijikuta wamesajiliwa kwenye vyama ambavyo hawakuwahi kujiunga navyo. Hakuna aliyewaibia kadi. Kadi zao zilikuwa mifukoni. Zilizotumika ni namba na majina.

Kwenye pesa za simu, namba hizo hutumiwa kwa njia tatu hasa.

- Kusajili laini nyingine kwa jina lako. Laini hiyo ndiyo inayotumiwa kuwatumia watu ujumbe wa "pesa imeingia kimakosa, nirudishie".
- Kubadilisha laini yako. Mtu anakwenda na kadi feki yenye majina na namba yako lakini sura yake, anadai amepoteza simu. Akifaulu, simu yako inakata mtandao na ujumbe wako wote unaanza kuingia kwake.
- Kuchukua mikopo. Wewe unakuja kujua siku unapoomba mkopo wa halali na kuambiwa jina lako liko CRB.

Hapa sheria imejaribu kwenda na wakati. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao ya mwaka 2018 inasema kwamba anayetumia kwa hila neno la siri la mtu, au alama yoyote ya kipekee inayomtambulisha mtu huyo, anaweza kutozwa faini isiyozidi Sh200,000, au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili.

Halafu kuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Hii haimwangalii mwizi peke yake. Inamwangalia pia yule aliyeichukua namba yako kwa halali kisha akaiacha ovyo. Shirika, duka au chama kinachochukua habari zako lazima kikwambie kinazitakia nini, kichukue zile zinazohitajika tu, na kizitunze. Una haki ya kuuliza wana nini chako, ya kudai warekebishe, na ya kudai wafute kilichowekwa kwa uongo. Ukidhurika unaweza kudai fidia. Kamishna wa Ulinzi wa Data ana uwezo wa kutoza faini ya hadi Sh5 milioni, na kwa kampuni hadi asilimia 1 ya mapato ya mwaka uliotangulia, kutegemea ni ipi ndogo.

Sasa turudi kwa shangazi

Soma tena hizo sheria na utaona zimejengwa juu ya jambo moja: mtu amechukua au ametumia kitambulisho chako bila ridhaa yako. Wewe ni mwathiriwa, na sheria iko upande wako.

Ukimwazima mtu kwa hiari yako, msingi huo unatikisika. Umekwenda dukani kwa miguu yako, umetoa kadi yako, umepigwa picha, umekubali masharti. Laini ikitumiwa kulaghai watu, wewe ndiye wa kwanza kutakiwa kueleza. Na Kanuni ya Adhabu iko wazi: anayemsaidia mwenzake kutenda kosa kwa kujua huhesabiwa kama mtendaji. Labda shangazi hakujua kitu, na labda mwishowe ataachiliwa. Lakini kabla ya hapo kutakuwa na kituo cha polisi, simu iliyozuiliwa kama ushahidi, na akaunti iliyofungwa huku kodi ya nyumba ikisubiri.

Anayeazima pia yuko hatarini, na hili watu husahau. Kampuni inamtambua mwenye laini kuwa ni yule aliyesajiliwa, wala si yule anayebeba simu. Fikiria mama anayeuza mahamri na viazi karai Kibokoni, ambaye kwa miaka anatumia laini iliyo kwa jina la mwanawe wa kiume. Akiba yake yote iko humo. Siku mwanawe akifariki, pesa zile kwa sheria zinaonekana ni mali ya marehemu, na mama ataambiwa alete karatasi za mirathi ili apate pesa alizozitolea jasho mwenyewe. Wakikosana, mtoto anaweza kwenda kubadilisha laini kihalali kabisa, kwa kuwa ni yake. Hata simu ikipotea tu, mama hawezi kuirudisha laini bila yeye.

Kama uko kwenye hali hii, iondoe sasa wakati mnaelewana. Nendeni nyote wawili na vitambulisho vyenu halisi kwenye duka la kampuni ya simu, mwombe laini ihamishwe kwa jina la anayeitumia. Ni jambo la asubuhi moja.

Na yule ambaye kipande hakijatoka?

Hatuwezi kusema "usiazime" bila kujibu swali hili. Watu wengi huomba laini ya ndugu kwa sababu hawana njia nyingine, si kwa sababu ni walaghai.

Pwani inalijua jambo hili kuliko wengi. Wamakonde wa Kwale waliishi nchini kwa vizazi bila vitambulisho, hadi walipotembea kuelekea Nairobi mwezi Oktoba 2016 kumwona Rais; mwaka 2017 wakaanza kupewa. Wapemba wa Pwani walitambuliwa rasmi mwaka 2023. Vijana wa jamii kadha za hapa na za mipakani wamepitia kamati za kuhojiwa, wakitakiwa kuleta vyeti vya wazazi na mababu, mpaka Rais alipotangaza Februari 2025 kwamba mahojiano hayo ya ziada yaondolewe.

Mtu aliyesubiri kipande kwa muda mrefu anajua ni kitu cha thamani gani. Kwa hivyo mkiwa na kijana nyumbani asiye na kadi, msaidieni kwa njia isiyomtia mtu hatiani.

- Aliye chini ya miaka 18: mzazi au mlezi anaweza kumsajilia laini kwa utaratibu wa watoto, unaomtaja mtoto mwenyewe na cheti chake cha kuzaliwa. Hiyo ni halali. Kumsajilia kimya kimya kama laini yako ya pili siyo.
- Aliyetimiza miaka 18 na anasubiri: apokee pesa kupitia laini yako huku simu na pini zikibaki mikononi mwako. Zikiingia, unatoa wewe, unampa mkononi. Ni usumbufu kidogo, lakini unajua kila shilingi imetoka wapi.
- Mwenye pasipoti halali, au mgeni mwenye kitambulisho cha wageni: anaweza kujisajili kwa hati hizo. Haina haja aazime.

Ajenti akikukatalia, hakutukani

Mfano wa kila siku: mama anafika kwa ajenti na simu ya mumewe na kipande cha mumewe, anataka kutoa Sh8,000.

"Mamangu, kipande hiki ni cha mzee. Siwezi kukutolea."

"Mume wangu yuko baharini, mwanangu, harudi leo. Kwani mimi ni mwizi?"

"Sijasema hivyo, mamangu. Lakini sura na jina lazima vilingane na aliye mbele yangu. Mpigie, akupe ruhusa uzitume kwa laini yako, kisha nitakutolea kwa kipande chako."

Ajenti yule hajamdharau mtu. Sheria ya kuzuia utakatishaji wa pesa ya mwaka 2009 inataka watoa huduma wamjue mteja wao na watunze rekodi. Akilegeza kwa mama huyu anayemjua, kesho atalegeza kwa mtu aliyeokota simu yako Marikiti. Tena, ushauri wake ndio sahihi: kutuma kwa laini ya mama kunaacha rekodi safi kwa wote wawili. Vizuri zaidi ni mzee kuzituma mwenyewe, ili pini ibaki yake.

Nawe una haki zako. Ajenti anaruhusiwa kuona kadi yako halisi na kuandika inavyotakiwa. Hana sababu ya kukipiga picha kipande chako kwa simu yake ya kibinafsi. Picha hupigwa ndani ya programu rasmi ya usajili peke yake. Hana haja ya kukaa na kadi yako ukimaliza. Na hakuna mtu, si sisi, si ajenti, si polisi, anayehitaji pini yako.

Tabia ndogo zinazokukinga

- Ukitoa nakala ya kipande, andika juu yake kwa kalamu: ni ya kazi gani, ya nani, na tarehe. Nakala iliyoandikwa "kwa ajili ya kukodi nyumba" ni ngumu kutumika kusajili laini.
- Nakala iliyoharibika ichukue, uichane mwenyewe. Usiiache dukani.
- Ukituma picha kwa simu, hakikisha ni nani unayemtumia, kisha ifute kwako na umwombe aifute kwake.
- Usiweke kipande rehani kwa deni la duka. Deni linalipwa kwa pesa.
- Ukiokota kipande cha mtu, usikipige picha ukakiweka kwenye grupu la WhatsApp au Facebook. Nia ni njema, lakini umewapa watu wote jina, namba na sura yake. Andika jina peke yake, kisha kadi ipeleke kwa chifu au kituo cha polisi.
- Kila baada ya miezi michache piga *106# uone ni namba gani zimesajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukiona usiyoijua, iripoti kwa kampuni ya simu siku hiyo hiyo.

Kikipotea au ukishuku kimetumiwa

Fuata mpangilio huu, wala usingoje kesho.

1. Piga simu kwa huduma kwa wateja ya kampuni yako ya pesa. Eleza kadi imepotea, na omba akaunti na laini viwekewe ulinzi dhidi ya kubadilishwa. Simu ikikata mtandao ghafla bila sababu, azima simu ya jirani upige papo hapo. Simu, tofauti na kipande, unaweza kuazima.
2. Ripoti polisi. Walio Mji wa Kale wana kituo cha Central karibu. Hakikisha umepewa namba ya OB, na uchukue abstrakti. Karatasi hiyo ndiyo ushahidi wako: ikiwa kadi itatumiwa vibaya baada ya tarehe hiyo, unaonyesha kwamba haikuwa mikononi mwako.
3. Omba kadi nyingine kwenye ofisi ya usajili wa watu au Huduma Centre iliyo jengo la Posta, Digo Road.
4. Piga *106# na uandike pembeni kila laini unayoikuta.
5. Omba ripoti yako ya CRB. Kila mtu ana haki ya kupata ripoti moja bila malipo kwa mwaka. Ukiona mkopo usio wako, upinge kwa maandishi, na uambatanishe abstrakti.
6. Kama ni shirika, duka au chama kilichotumia habari zako bila ridhaa, peleka malalamiko kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data. Unaweza kuyapeleka mtandaoni. Sheria inataka uchunguzi ukamilike ndani ya siku 90.
7. Kama pesa zimeibiwa, wape habari wapelelezi wa DCI. Namba yao ya bure ni 0800 722 203.

Tunza kila karatasi na kila ujumbe. Kesi nyingi hukwama kwa kukosa tarehe, na si kwa kukosa sheria.

Utamjibu vipi nduguyo?

Ugumu wenyewe uko hapa. Kumkatalia mgeni ni rahisi. Kumkatalia mtoto wa kaka yako ukumbini, mbele ya watu, si rahisi. Basi usimkatalie msaada. Mkatalie kadi tu. Mwambie: "Mwanangu, pesa zako zikija kwangu nitakutolea hata usiku. Na kesho asubuhi twende sote Huduma Centre tukakiulizie kipande chako kimefika wapi." Hapo umemfaa zaidi kuliko kumpa kadi yako, kwa sababu anayehitaji kipande anapaswa kuwa na chake.

Wasomee makala haya walio nyumbani, hasa wazee ambao laini zao ziko kwa majina ya watoto. Na ukipiga *106# leo ukakuta namba usiyoitambua, tupigie simu kabla hujalala.